Mtungi wa Chumvi ya Kwanza

Mimi ni mtu wa chumvi, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Ukitoka Bagamoyo kuelekea Saadani kuna uwanda mweupe nyuma ya mikoko, ambako maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba na kuachiwa jua lifanye kazi yake. Hapo nimeinama tangu nikiwa msichana. Nikichovya kidole na kuonja, najua kama maji yameiva au bado. Nikisikia reki inavyokwaruza, najua kama chumvi ya chini imeshikana na tope. Wanaume wawili walijaribu kunifundisha kazi hii, na wote wawili baadaye walirudi kuniuliza maswali.

Kikundi chetu cha akina mama kina bomba la mgongoni, kama lile la kupulizia dawa mashambani, ila letu halijawahi kuona dawa ya wadudu. Tunatia maji yaliyochanganywa madini joto, tunaitandaza chumvi kwenye turubai, mmoja anapulizia na wengine wanaigeuza kwa koleo mpaka yote ipate. Mpuliziaji ni mimi. Sikuchaguliwa. Wenzangu walikuwa wakipulizia kama watu wanaomwagilia maua, nikawanyang'anya bomba. Tangu siku hiyo chumvi yetu ikipimwa inapita, na nikiiona pakiti yetu dukani husimama nikaitazama kidogo, hata kama nimekuja kununua sabuni tu.

Lakini chumvi hiyo haikuwa ikiingia jikoni kwangu.

Mama yangu alituachia desturi. Chumvi ya kwanza ya kiangazi, ile inayoanza kuelea juu ya maji kabla reki haijashuka, haiuzwi wala haitiwi kitu. Huchotwa kwa mkono, huanikwa, hutiwa mtungini. Hiyo ndiyo ya nyumba. Binti akiolewa huondoka na mtungi wake, na mke wa mwana akiingia hupokewa nao. Lile bomba lilipokuja, hakuna kati yetu aliyekaa akafikiri. Iliyopuliziwa tukaiita chumvi ya duka, na ya mtungini tukaiita chumvi yenyewe. Madini joto niliyaona ni shida ya watu wa bara wasio na bahari. Sisi samaki tunakula, upepo wa bahari tunauvuta usiku na mchana. Tuongezewe nini tena?

Mwanangu alipooa binti wa kijiji cha Mkange, nilimpokea mkwe wangu kwa mtungi mkubwa kuliko ule niliopewa mimi nilipoolewa. Alikuwa binti wa wakulima, hajui bahari, lakini baada ya mwezi mmoja alikuwa anavuta reki bila kutibua tope. Nilimpenda upesi, na wanaonijua watakwambia mimi si mtu wa kupenda upesi.

Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa changa. Ya pili ilifika miezi mitano, ikatoka nayo, na siku ile sitaielezea. Majirani wakaanza. Huyu anasema ni chango, yule anasema kafungwa na mtu. Niliwatimua barazani kwangu kwa maneno ambayo baadaye nilimwomba Mungu msamaha. Nilitaka mjukuu, naam, sioni haya kusema. Lakini zaidi nilitaka yule mtoto wa watu aache kukaa akitazama ukuta.

Siku moja nikakuta jikoni kwake pakiti ya chumvi. Chumvi yetu wenyewe, kaenda kuinunua dukani! Nilichukia.

"Una mtungi umejaa, unanunua chumvi? Unataka watu waseme mama mkwe wako kakunyima?"

"Samahani, mama," akasema, kwa sauti ndogo.

Niliichukua pakiti ile nikairudisha dukani mwenyewe. Sikumuuliza kwa nini aliinunua, naye hakusema.

Mimba ya tatu ilipoingia, samaki hakutaka hata kumwona. Harufu ya dagaa ilikuwa ikimtoa mbio hadi nyuma ya nyumba. Alikula ugali na mchicha, na chumvi yangu. Alichoka kupita kiasi, akawa anasikia baridi na kujifunika kanga mbili jua likiwa utosini. Shingo yake ikajaa. Nikawaambia wenzangu kwenye majaruba, "Mwaka huu ananawiri, hamwoni shingo?" Nilidhani ni uzuri.

Safari hii sikukubali aende kliniki peke yake. Nesi wa zahanati alikuwa mgeni, binti ambaye ningeweza kumzaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alimpima mkwe wangu damu, akaikuta ni pungufu. Akamshika shingo kwa vidole, taratibu, upande huu na upande huu, na uso wake ukabadilika kidogo. Akauliza vile vidonge vya kuongeza damu tulivyopewa mwanzo anavimeza vipi.

"Kwa chai, akishakula," nikajibu mimi. "Chai ya rangi, nzito, namchemshia mwenyewe."

"Ahsante kwa kumtunza, mama. Ila chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ameze kwa maji, au kwa maji ya chungwa. Chai isubiri saa mbili zipite."

Sikupenda. Nilikuwa nikiichemsha chai ile kwa mapenzi. Tulipotoka nje, nesi akawaambia wanawake wote waliokuwa kibarazani kwamba kliniki ijayo kila mmoja aje na chumvi kidogo ya jikoni kwake, kwenye kipande cha karatasi, yeye atazame kama ina madini joto.

Mnajua nilivyofurahi? Mtu anataka kuona chumvi, na mimi nipo.

Siku ilipofika nilichota mtungini mwenyewe, nikachagua chembe nyeupe kabisa, nikaifunga vizuri. Tukakaa kwenye benchi na wenzetu. Nesi alikuwa na kichupa. Anadondosha tone moja juu ya chumvi ya mtu, na chumvi ikiwa na madini joto inageuka zambarau. Ya kwanza ikageuka. Akauliza imetoka wapi.

"Dukani. Ile ya akina mama wa hapa."

Ya pili ikageuka. Ya akina mama wa hapa. Ya tatu vilevile. Kila mmoja alipojibu, mimi nilizidi kunyooka pale benchini, mpaka jirani yangu akaniambia nimwachie nafasi. Chumvi ya mgongo wangu mwenyewe ilikuwa inang'aa zambarau kwenye karatasi za watu.

Kisha ikaja yetu. Nesi akadondosha tone. Nyeupe. Akadondosha la pili. Nyeupe pe, kama ilivyotoka jarubani.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

Nilifungua mdomo nijibu. Mkwe wangu akasema kabla yangu.

"Ni yangu, nesi. Niliinunua barabarani kwa mtu wa viroba. Mama hajui."

Nikamgeukia. Alikuwa anaitazama sakafu. Kiroba hakukinunua, wala mtu huyo wa barabarani hakumjua. Binti huyu nilimgombeza kwa ajili ya chumvi hii, nikampokonya pakiti, na sasa, mbele ya nusu ya kijiji, alikuwa ananisitiri. Moyo wangu uliniuma na kujaa fahari kwa pamoja. Nikasema moyoni, hapa mwanangu kaoa kweli.

Nikasimama.

"Anasema uongo," nikasema. "Chumvi hiyo ni yangu. Na hizo zote za zambarau ni zangu pia."

Mwanamke mmoja wa makamo, mwisho wa benchi, akajisemea, "Mfinyanzi hulia gaeni." Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Nami nikacheka, maana la kufanya lilikuwa hilo tu.

Nesi hakucheka sana. Alituita ndani. Nikamtupia swali langu la samaki na bahari, akanijibu bila kunidharau: samaki husaidia, lakini mkweo hali samaki siku hizi, na mwenye mimba huhitaji madini joto kuliko sisi wengine. Tezi ya shingoni ikiyakosa huvimba kwa kuyatafuta, na ubongo wa mtoto huanza kuyahitaji mapema kabisa, kabla tumbo halijaonekana. Kisha nikamuuliza. Je, zile mimba mbili za mwanzo, ni mtungi wangu?

"Siwezi kukwambia hivyo, mama, na asikwambie mtu. Mimba hutoka kwa mambo mengi. Lakini hili tumeliona, na hili tunaweza kulirekebisha leo."

Akatuandikia twende hospitali ya wilaya wakaipime ile tezi. Tulikwenda. Wakampa vidonge na tarehe za kurudi, na hakukosa hata moja, maana mlinzi wa tarehe nilikuwa mimi.

Lakini siku ile ya tone, njiani, nilimuuliza habari ya pakiti.

"Nesi wa kule kwetu aliniambia, nilipokwenda nyumbani kupumzika baada ya ile ya pili," akasema. "Ndiyo nikainunua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema naikataa chumvi ya mama yako."

Ningesema hivyo hasa, kwa maneno hayohayo. Nilipofika nyumbani sikuvua hata buibui. Niliubeba ule mtungi hadi uwanjani, nikaumwaga kwenye turubai, nikavaa bomba. Dada yangu mkubwa akanikuta.

"Unaipulizia chumvi ya kwanza? Desturi ya mama unaivunja kwa mkono wako?"

"Mama alitupa nzuri kuliko zote alizozijua," nikamwambia. "Na mimi nafanya hivyohivyo. Shika koleo ugeuze."

Alinuna. Lakini koleo alishika, na dada yangu akigeuza chumvi, inageuzwa.

Tangu hapo mtungi una kifuniko kinachobana, na nimeuhamisha mbali na jua na mvuke, maana madini joto hutoroka. Chumvi inatiwa wakati chakula kinakaribia kuiva, si mwanzo. Chai inasubiri saa mbili, na saa hizo mbili huwa nazihesabu kwa kunung'unika. Mwezi wa tano wa mimba ulipofika sikulala vizuri hata siku moja, nikawa naamka alfajiri kwenda kusikiliza mlangoni kwake kama anapumua sawasawa. Ukapita. Wa sita ukapita. Kichefuchefu kilishaondoka, akarudia samaki, akawa anamaliza changu mzima na kuuliza kama kuna mwingine.

Akajifungua binti, hospitalini, mchana kweupe. Alilia kabla hawajamgusa. Mimi pia.

Arobaini ilipokwisha tulimpeleka zahanati kupimwa uzito. Nesi hakuwa ameniomba chumvi, lakini mkwe wangu alikuwa ameibeba mwenyewe, kwenye karatasi, ya mtungini. Nikamwambia nesi alete kichupa chake. Akadondosha tone mbele ya benchi lilelile, na chumvi ya kwanza ikawa zambarau hadi pembeni ya karatasi.

"Ya nani hii?" akauliza nesi, akicheka.

Nilikuwa nimembeba mjukuu, nikanyamaza makusudi.

"Ya mama," akasema mkwe wangu, akiwatazama wote usoni.