Mstari wa Nne

Bazilio alikuwa mbishi wa kutupwa. Kila siku, kwenye stesheneri ya Kasulu walikochapa nyaraka za watu, alizozana na mwenzake Shamsia juu ya amri za programu ya kuandikia. Shamsia alitaka mstari uchaguliwe kwanza, mtu auone umebadilika rangi, ndipo aufute.

"Woga huo, dada!" Bazilio alifoka. "Toa amri, mashine itii. Nani huonyesha kwa kidole kabla ya kusema 'leta maji'?"

Ikaja orodha ya makaburi ya kuhamishwa kupisha barabara kijijini kwa akina Bazilio. Mistari mitatu ilijirudia. Akaweka kishale kwenye wa kwanza, akaamuru: futa, mitatu, chini. Mashine ikatii. Ikafuta ule wenye kishale, pamoja na mitatu chini yake: yote minne. Bazilio hakusoma tena. Akachapisha, orodha ikagongwa muhuri.

Mwezi uliofuata greda likapita. Makaburi ya kwenye orodha yalikuwa yamekwisha kuhamishwa. La mama yake halikuwamo.

Shamsia alimkuta amepiga magoti pale greda lilipopita, akifukua kwa mikono huku na kule.

"Dada," alisema bila kuinua uso, "nionyeshe kwanza ni wapi."

Shamsia akatazama udongo mwekundu uliosawazishwa. Hakuwa na pa kuonyesha kwa kidole.