Wageni wa Jumatano

Kabla ya kupewa nyumba alikuwa Msusi tu, na jina hilo lilimtosha. Siku alipokabidhiwa ufunguo wa nyumba nafuu ya serikali, ghorofa ya tano, vyumba viwili na kibaraza cha kuanikia nguo, ofisa mwenye kipaza sauti alimwita "mnufaika wetu", na jina likamganda kama kupe. Watoto wa ngazini wakawa wanamwamkia, "Shikamoo, Mama Mnufaika." Hata mumewe, dereva wa lori ambaye kumwona nyumbani ni bahati, akipiga simu huanza kwa kuuliza kama mnufaika hajambo.

Kilichomponza ni usafi. Mpango wa nyumba ulihitaji nyumba ya kuonyesha wageni, na ya kwake ndiyo iliyong'aa. Sakafuni ungeweza kula bila sahani. Basi kila ujumbe uliokuja, wawe wafadhili, wabunge au wanachuo, meneja wa majengo aliuleta kwake. Ujumbe ukibisha hodi akiwa katikati ya kusuka, mteja husukumiwa chooni, nusu ya kichwa imelala, nusu imesimama, maana kanuni zilikataza biashara ndani ya nyumba. Wageni wakiuliza maisha yamebadilika vipi, naye hujibu kwamba yamebadilika mno. Hakuwa akidanganya. Zamani alichota maji bombani na kuingia nayo ndani; sasa aliyachota bombani na kuyapandisha ghorofa tano.

Kwa kawaida mashine ya kusukuma maji haikuwa na dizeli, lifti ilikuwa imelala, na zahanati ya pale chini, yenye bango la "Huduma kwa Jamii", ilifungwa kwa kufuli la kutisha. Ila siku ya wageni! Maji yalipanda yenyewe, lifti ikaamka, taka zikazolewa, nesi akapatikana kutoka huko anakohifadhiwa. Wageni wakishaingia kwenye magari yao, kila kitu kilirudi kulala.

Aliyeumia zaidi ni mama mkwe wake, bibi mwenye magoti mabovu na shinikizo la damu, ambaye alishuka chini siku za lifti tu. Jioni moja, baada ya wageni kuondoka, alikaa kibarazani akatikisa kichwa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Miaka yote nilidhani ni methali. Kumbe ni utaratibu wa serikali."

Kisha dawa zake zikaisha. Msusi alishuka ofisini kwa meneja kuuliza zahanati itafunguliwa lini, akajibiwa kwamba mchakato unaendelea. Alikuwa ameshageuka kuondoka, mkono uko kwenye kitasa, alipojisikia akiuliza kama wageni wa Jumatano nao wataonyeshwa zahanati.

"Wageni gani?"

"Wale wa Jumatano," alisema Msusi. "Si umeambiwa?"

Meneja akakohoa. Meneja asiyejua habari za wageni ni meneja ambaye wakubwa wamemsahau, na hilo nani atalikiri mbele ya mpangaji? Akasema naam, ameambiwa.

Jumatano maji yakapanda. Nesi alimpima bibi, akampa dawa, akamkataza chumvi. Meneja alisimama langoni tangu asubuhi, tai imemkaba shingo, mpaka jua likazama. Wageni hawakutokea. Alisema labda wamekwama njiani.

Siri ya mtu mmoja haikai katika jengo la kuta nyembamba. Majirani walianza kumfuata mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaokwenda kwa mganga. Mjamzito wa ghorofa ya pili aliomba wageni wa kabla ya kujifungua. Fundi viatu wa chini, ambaye jalala lilimnukia mlangoni, aliomba mgeni mmoja tu, lakini awe mtu anayechukia taka. Msusi aliwaagiza wote. Mchana alicheka nao. Akilala alijuta, kwa kuwa hakulelewa kusema uongo, na akinyang'anywa nyumba ile asingepata nyingine popote.

Ndipo meneja akaja peke yake, akaomba mlango ufungwe. Msusi alijua yamekwisha. Alianza kupanga kichwani vyombo vipi vitangulie.

"Mama, wageni hawa hawapo," meneja alisema. "Hawajawahi kuwapo."

Mama mkwe ndiye aliyeuliza, "Na wewe, mwanangu, ulijua lini?"

"Mara ya pili."

"Mbona ukanyamaza?"

Meneja akalegeza tai. Alisema amekuwa akiomba dizeli makao makuu tangu nyumba zifunguliwe, na hujibiwa kuwa mchakato unaendelea. Siku aliyotaja wageni, aliletewa dizeli kabla hajamaliza kushukuru. Angeachaje kunyamaza? Shida ni kwamba Mkurugenzi wa huko makao makuu ameona wivu wageni hao kupita bila yeye. Jumatano ijayo anakuja kuwapokea mwenyewe, na waandishi wa habari.

Bibi akasema waacheni waje, mgeni ni yeyote anayebisha hodi.

Mkurugenzi alikuja. Kwa kuwa kulikuwa na kamera, alikataa lifti na kupanda ngazi, akafika ghorofa ya tano akihema kama jogoo aliyekimbizwa. Akauliza wageni wako wapi. Msusi akamvutia Mkurugenzi kiti, akampa maji ya bombani, na bibi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye vinasa sauti:

"Karibu, mgeni wetu. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Mkurugenzi alitazama kamera, kamera nazo zikamtazama. Akanywa maji. Kisha akafanya alichokijua kuliko vyote, akahutubia. Alisema haya ndiyo matunda ya uongozi wake, na kwamba maji haya, zahanati hii na usafi huu visikatike hata siku moja, huku waandishi wote wakiandika.

Havikukatika. Dizeli huletwa bila kuombwa, nesi ana kiti chake na kikombe chake, na meneja amepandishwa cheo akahamishiwa makao makuu, ambako inasemekana sasa yeye ndiye anayewajibu watu kuhusu mchakato. Lifti tu ndiyo haikutajwa kwenye hotuba, kwa hiyo imelala mpaka leo. Siku za kupimwa, fundi viatu na jirani mwingine humteremsha bibi akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na yeye huwapungia mkono wote wanaopishana naye ngazini.