Mama Walter na Fomu ya Uholanzi
Barua ile Benta Aoko aliitunza ndani ya Biblia miaka miwili, na kila alipoisoma aliiona haina doa. Iliandikwa na meneja wa shamba la maua la Naivasha, alikofanya kazi tangu mwaka wa themanini na nne mpaka mama yake alipougua Asembo Bay ikambidi arudi. Ilisema kwamba kwa miaka saba Mama Walter amebebesha waridi, yaani kupandikiza chipukizi la waridi moja kwenye shina la jingine, na katika kila miche mia, tisini na saba ilishika.

Basi mwaka wa tisini na tatu, zilipovuma habari kwamba Waholanzi wanatafuta wakulima wa maua wenye ujuzi na watawapa viza ya kazi, Benta alijifunga kibwebwe. Alitoka Kaloleni, mtaa alikopanga chumba, kwa miguu hadi ofisi ya wakala wa kazi za ng'ambo mjini, ambako karani Laban Shitanda alikuwa akipokea maombi.

Laban akaisoma barua, akailinganisha na pasipoti.

"Mama, huyu Mama Walter ni nani?"

"Ni mimi."

"Pasipoti inasema Benta Aoko."

"Si Walter ni mtoto wangu wa kwanza? Huko shamba hakuna mtu aliniita Benta."

Meneja, Mzungu wa watu, alidhani ndilo jina lake. Benta naye hakuona kosa, maana nani huona kosa katika jina analoitikia kila siku?

"Wewe mama yako, majirani wanamwitaje?" Benta akamuuliza karani.

Laban akacheka bila kutaka. "Mama Laban. Lakini siwezi kuandika hivyo kwa fomu ya serikali ya watu. Na cheti cha chuo huna. Sikiza, kuna familia huko wanataka house girl. Hiyo haitaki cheti. Kazi ni kazi, Mama."

Damu ikamchemka Benta. Si kwamba aliona haya ya kazi ya nyumba. Dada yake alilea watoto wa matajiri wa mtaa wa Milimani na akajenga nyumba. Kilichomuuma ni miaka saba ya kuinama, na vidole vilivyojaa makovu ya miiba, kufutwa kwa kalamu ya mtu asiyejua waridi huanzia wapi. Angeenda Uholanzi kama mkulima wa maua, la sivyo angebaki akiuza mashada ya harusi na matanga pale soko la Kibuye.

"Usiandike kitu," alisema. "Nakuja."

Alirudi saa nane na kopo lenye shina la waridi mwitu, kijiti cha waridi jekundu na kisu kidogo. Akasukuma mafaili kando. Waombaji waliokuwa kwenye benchi wakasimama kutazama. Alichanja ganda la shina, akabandua jicho moja la chipukizi kutoka kwenye kijiti, akalichomeka ndani ya ganda na kulifunga kwa utepe wa nailoni. Alimaliza Laban akiwa bado anahangaika na kifuniko cha soda yake.

"Hii ndiyo cheti yangu. Mwagilia maji kidogo, usilowanishe jicho. Nakuja baada ya wiki tatu. Ikikauka, niandikie hiyo kazi ya jikoni."

"Na ikishika?"

"Utaandika nitakachokuambia."

Jioni nyumbani, jirani yake Milka aliposikia alishika kiuno. "Umeachia karani viza yako amwagilie maji?" Benta alimjibu kwamba ndiyo, tena kwa sauti, lakini moyoni aliogopa sana. Karani anaweza kuua mche kwa kuumwagia chai.

Siku ilipofika alilikuta kopo dirishani, udongo wake una unyevu. Akakata utepe. Jicho lilikuwa kijani kibichi, limeanza kuvimba. Laban aliinuka kitini akaangalia, kisha akatoa fomu mpya.

"Nimeuliza wakili," alisema. "Utaapa kwamba Benta na Mama Walter ni mtu mmoja. Na mimi nitaandika nimeona kazi kwa macho yangu. Lakini Mama, huko wanapenda vyeti. Wakikataa je? Ile ya nyumba ingepita."

"Andika mkulima wa maua. Andika kubwa."

Laban akaandika. Benta aliyasoma maneno yale mara mbili, akachukua kalamu, akatia sahihi.

"Wakikataa," alisema, "wamkatae mkulima wa maua."