Bima Si Uchuro

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tulipokwenda kumwaga slabu kule Diani, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Nilikuwa kijana, nabeba karai za zege kwa mjomba wangu Hamisi, mkandarasi aliyejulikana kutoka Ukunda hadi Shimoni. Nisingekuchosha na habari za kale, lakini jana nilikuuliza kama umekata bima ya ile kazi yako ya hoteli, ukanijibu, "Baba, usinichurie." Neno lilelile la Mjomba! Sijui nyinyi watu wa zege huzaliwa nalo?

Desturi yetu unaijua. Kabla ya karai la kwanza kupanda, ubani hufukizwa, maalim husoma dua, watu wakala halua na kahawa. Ni desturi njema, sina ugomvi nayo. Basi siku ile akapita wakala wa bima, kijana mwenye adabu zake, akatoa shikamoo na kuanza kueleza: mfanyakazi akiumia, au zege likimwangukia jirani... Mjomba hakumwacha amalize.

"Ubani hata haujazimika, wewe waniletea maneno ya kuanguka? Nenda zako, usinichurie kazi yangu!"

Sote tulicheka, na yule kijana akaenda zake.

Sasa, mvua ilikuwa imenyesha juzi yake na udongo ulikuwa bado laini. Adhuhuri, zege limefika nusu, nguzo za upande mmoja zikadidimia. Slabu ikaporomokea jiko la jirani, Bi Mwanasha, naye Chirima, kibarua wa kutoka Kikoneni, akafunikwa na mbao. Tulimtoa hai, lakini nyonga imevunjika. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile aliyekataa kusikia alikuwa mzima wa afya, akavunjika mtu mwingine kabisa. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Maalim alikuja kutupa pole. Mjomba akamlalamikia, eti, "Maalim, si ulisoma dua?"

"Nilisoma, Hamisi, na Mungu kaipokea: hakufa mtu. Ama ulitaka dua ikamjengee Bi Mwanasha jiko, ikawalishe na watoto wa Chirima? Hiyo ilikuwa kazi yako wewe, na njia yake uliletewa, ukaifukuza."

Mjomba alikuwa mwungwana, hakukimbia. Aliuza shamba la minazi la Munje, walilorithi pamoja na mama yangu. Mama aliridhia, kwani angefanyaje, na ndugu yake ni yule mmoja? Chirima akatibiwa, ingawa hakubeba tena karai. Jiko likajengwa. Lakini mama yangu, aliyezaliwa minazini, alikufa akinunua nazi sokoni kama mgeni. Hakuwahi kulalamika mbele yetu, na mimi nililalamika kwa niaba yake.

Basi sikiliza, na usininunie. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafundi ndio waisemao sana methali hii, na ndio wasioifuata! Kata bima ya vibarua wako wote, hata yule wa siku moja. Kata na ya madhara yatakayomfika jirani au mpita njia. Usitie sahihi kwa pupa. Muulize wakala ni mambo gani hawayalipi, maana bima nyingi hazifidii kazi mbovu ya fundi mzembe. Ikiwa roho yako yaogopa riba, iko takaful, bima ya Kiislamu isiyo na riba, kaulize, usiifanye dini kisingizio cha uvivu. Na hata ukiwa na bima, zikague nguzo zako kwa mkono wako, kwa sababu hakuna fidia itakayomrudishia mtu nyonga yake.

Tena kuomba Mungu na kujikinga havigombani. Anayejua mabaya yanaweza kutokea hajayaita.

Kama bado waniona mzee mchuro, haya, fanya hivi. Hiyo nyumba unayolala ni ya mkeo, kaachiwa na marehemu babake. Leo mkishakula, mwambie wamwaga zege bila bima, kisha muulize kama yuko radhi nyumba yake iuzwe. Akikubali, mimi nitanyamaza.

Mungu akuhifadhi, mwanangu, awahifadhi na vibarua wako warudi kwao na viungo vyao vyote, na akupe akili ya kumtafuta wakala kabla hujaagiza kokoto. Amin.