Makumbi ya Athman

Athman Abdulkadir alitia nguo rangi miaka ishirini na miwili katika karakana ya Bi Mahira, Malindi. Muda wote huo vidole vyake vilikuwa buluu na heshima yake haikuwa na doa. Kisha akaja Masha, kijana wa Rabai, na gunia la vifuu.

Masha aliitwa kwa ajili ya maji. Majirani walilalamika kwamba mfereji unapita mwekundu Jumatatu na kijani Alhamisi, na afisa wa mazingira akatoa mwezi mmoja: maji yatoke meupe au karakana ifungwe. Masha akachoma vifuu vikawa makaa, akayatwanga, akayaosha, akayashindilia ndani ya pipa. Juu yakaingia maji ya rangi; chini yakatoka maji ya kutawadhia, japo hakuna aliyejaribu.

Bi Mahira akaanza kumwita Masha "mwanangu". Athman alikuwa bado "wewe Athman".

"Mtu asifiwa kwa makaa," alimwambia mkewe, Tumu. "Kwetu makaa tulipikia."

"Basi nawe tia chako pipani, tule kwa amani."

Akatia. Siku ya ukaguzi alifika kabla ya wote, akaweka pipa lake litangulie la Masha, limejaa makumbi ya nazi zilizofuliwa jana yake. Pwani nzima yajua kuwa makumbi hufukiwa ufukoni miezi kadhaa kwanza, yamalize kutoa maji yake ya kahawia, ndipo yasokotwe kamba. Athman naye alijua. Ila wivu hauna miezi ya kungoja.

Mbele ya afisa, maji yaliingia buluu kwa Athman yakatoka ya kahawia, kama chai ya magome ya mkandaa.

"Hapa mwatia nguo rangi au mwapika?" afisa akauliza.

Bi Mahira akamtazama Athman. Athman akatazama mfereji.

"Hilo la fundi Athman, bwana," akasema Masha. "Lazuia nyuzi na takataka. Langu lamalizia."

Haikuwa kweli hata chembe. Lakini pipa la pili likatoa maji meupe; afisa akatia sahihi, akampa Athman mkono kwa ubunifu wake.

Nyumbani, Tumu alisikiliza mpaka mwisho.

"Si kakusitiri, mume wangu?"

"Ndiyo yaniumayo," akasema Athman. "Hata kwa uongo amenishinda."