Mlinzi wa Shiva na Parvati

Wiki iliyopita tulimzika mtu ambaye wengi wenu hapa Columbus, Marekani, mlimjua kwa koti lake la ulinzi, maana alilivaa hadi kanisani. Moyo ulisimama ghafla akiwa dukani. Nimehuzunika, ndiyo, lakini nisiwadanganye: nimekereka zaidi. Wamenikera wakubwa wetu, na nimejikera mwenyewe.

Alikuwa Mkongomani wa Kivu, mlinzi wa jumba la makumbusho, chumba cha sanamu za mawe za Kihindi. Humo wamo mungu Shiva na mkewe Parvati, waliochongwa India karne nyingi zilizopita; mume kamzungushia mke mkono kiunoni, wote wanatabasamu. Mzee mmoja wa kanisa alimwuliza mbele za watu kama haoni aibu kulinda miungu ya wengine. Akajibu, "Bon, mzee, wewe uko unafunga nyama ya nguruwe kiwandani. Uko unaabudu nguruwe?" Tulicheka hadi machozi, mzee akanuna mwezi mzima.

Mkewe alibaki kambi ya wakimbizi miaka sita akisubiri karatasi za safari. Alipofika, siku ya kwanza ya mapumziko mume alimpeleka kuwaona wale wawili. "Angalia, mama, hawa hakuna mutu aliwatenganisha." Kisha yeye, ambaye barabarani asingethubutu kumshika mkewe hata mkono kwa kuogopa maneno ya watu, akamshika kiunoni vilevile. Mke akamwekea mkono begani, na mlinzi mwenzake akawapiga picha. Hawakuwahi kupiga nyingine pamoja. Miezi minne baadaye mume akafa.

Mimi ndiye hutengeneza karatasi za ibada za mazishi, kwa hiyo mjane aliniletea picha hiyo akitaka ikae ukurasa wa mbele. Kaka wa marehemu akaja kutoka Louisville, hata kiti hakukikalia. "Donc, yaani watu waingie kanisani wakute masanamu? Tena kushikana vile! Kata." Nikamwambia ni picha tu jamani, haitamla mtu. Akasema kata. Wazee wa kanisa nao wakasema kata. Na mimi, mwenye ulimi mrefu kwenye safu hii kila wiki, nikakata. Mke alikuwa amesimama kati ya mumewe na lile jiwe. Ili sanamu zitoke, ilibidi naye atoke.

Kanisani, siku ya mazishi, mjane aliishika ile karatasi. Alimwona mumewe peke yake, na vidole vitatu begani, vyake mwenyewe. Akaniita. "Baba, sanamu mumeondoa. Na mimi, muliniondoa juu ya nini?" Shemeji yake akaangalia viatu. Mimi nikaendelea kugawa karatasi zilizobaki.

Nilichojifunza nakisema kwa hasira, na hasira ni yangu mwenyewe: mfiwa akikuletea kitu alichobaki nacho, msikilize yeye, achana na wanaoona aibu kwa niaba yake. Juzi nilimpelekea picha nzima, kubwa, ndani ya fremu. Alishukuru kwa adabu, akaipokea mlangoni, wala hakunikaribisha ndani.