Ofisi Yataka Cheti, Bibi Kokoto Ana Ngazi Mia Tatu

Saa mbili asubuhi. Barabara ya changarawe inaishia kwenye kibao kilichopinda, na gari haliendi mbele hata likiombewa dua. Mwanamke wa miaka sitini na mbili, mfupi kama kinu, anamkabidhi ofisa wa wilaya jiwe la ukubwa wa papai.

"Shika, baba. Ndiyo kiingilio."

"Mama, nimekuja kukagua, sikuja kubeba."

"Basi kagua huku umebeba. Mikono yako ina kazi gani nyingine?"

Ofisa anabeba.

Huyu ndiye Bibi Kokoto, anayewaongoza wageni hadi ufukwe wa nyuma ya mlima, mwendo wa saa moja na robo kwa miguu. Kule hakuna kibanda wala mtandao. Kuna mchanga, upepo wa kukuzaba makofi, na mawimbi yasiyofunzwa adabu. Kwa miaka kumi na tisa kila mgeni wake amebeba jiwe, naye hulipachika pale mvua ilipoila njia. Leo ngazi ni mia tatu na kumi na mbili, zote kwa jasho la watu waliokuja kupumzika.

Mwezi uliopita ofisi ilimletea barua: asiye na cheti asiongoze mtu, na cheti ni kwa mtihani. Bibi Kokoto aliishia darasa la nne. Wageni wake, sita au saba kwa wiki, ndio wanaomlisha yeye na mjukuu wake wa kike anayesoma sekondari.

"Yaani kuku aombe kibali cha kuatamia mayai yake!" anasema.

Alijibu barua kwa maneno matano: Njooni mkague njia kwa miguu. Akaongeza pembeni: saa kumi na mbili kamili. Ofisa amekuja saa mbili, kashiba chai.

Wanashuka. Huko chini, njia inapita ubavuni mwa mwamba, na hupitika maji yakiwa yamekupwa tu. Bibi Kokoto anatazama mstari mweupe wa chaza walioganda mwambani. Umelowa; maji yameanza kupanda. Anakaa kitako.

"Leo basi. Hapapitiki tena mpaka jioni."

Ofisa anatua jiwe lake, anatoa karatasi. "Hapa wameandika maji yatajaa saa saba. Tuna muda tele."

"Karatasi ya wapi hiyo?"

"Ya bandarini."

"Basi nenda kavukie bandarini."

Ofisa anavua viatu, anavipanga juu ya jiwe pana la kando, anakunja suruali. "Maji ni ya magotini tu, mama."

"Ya magotini sasa hivi. Wimbi halipigi hodi, mwanangu." Anamkamata mkanda wa suruali kama anayezuia mbuzi asiingie shambani.

Wimbi linakuja, linaupiga mwamba, linaondoka na kiatu kimoja. La pili linarudi kuchukua mwenzake.

Ofisa anatazama pale alipotaka kukanyaga. Hapaonekani.

"Ungekuwa ndani ya viatu vile," Bibi Kokoto anauliza, "mimi ningemwambia nini mkeo?"

Ofisa anarudi juu pekupeku, akizijaribu ngazi moja moja kwa nyayo zake laini. Hakuna iliyotikisika. Kwenye daftari anaandika: njia ni imara. Lakini sheria ni sheria, anasema, mtihani uko palepale Alhamisi. Alichoweza kulegeza ni kimoja tu: Bibi ataujibu kwa mdomo.

Jikoni kwa Bibi Kokoto, mjukuu amefungua kitabu cha mafunzo. "Bibi, taja vifaa vitano vya huduma ya kwanza."

"Cha kwanza, mkono wa kumshika mkaidi."

"Sema bendeji, bibi. Utafeli!"

"Haya, bendeji. Ya kumfunga huyohuyo mkaidi."

Akifaulu, anasema, cheti atakitundika hapo juu ya jiko, kivute moshi kama wenyeji wengine wa nyumba hii. Na akifeli?

"Ijumaa nina wageni wanne, nitawapeleka. Ofisi wakitaka kunikamata, wanifuate kulekule ufukweni." Anakoroga chungu, anaonja, anaongeza chumvi. "Ila watahitaji mtu wa kuwaonyesha njia."